Mwalimu Akitoka Darasani, Anakwenda Wapi?

Na Afisa Elimu ya Watu Wazima

Mwaka jana nilisimamisha pikipiki yangu mbele ya nyumba ya mzee mmoja katika kijiji kilicho kando ya Ziwa Viktoria. Kijiji hicho nakifahamu vizuri. Nilifundisha darasa la kwanza hapo kwa miaka 6, kabla sijapewa kazi ninayoifanya sasa.

"Shikamoo mzee," nilimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Nikakaa. Mzee akaitazama kofia yangu ya pikipiki, kisha akalitazama faili lililokuwa mkononi mwangu. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza:

"Sasa wewe umekuwa nani? Watu bado wanakuita mwalimu, lakini darasa huna. Mwalimu bila darasa ni mwalimu wa nini?"

Nilicheka. Mzee hakucheka.

"Mjukuu wangu ulimwacha kwenye ba, be, bi," akasema. "Leo yuko darasa la tatu. Akipewa kitabu anakisia tu. Darasa lile wamepewa walimu watatu mmoja baada ya mwingine, na wote wamepita. Wewe umepanda cheo, nasi tunafurahi. Lakini mtoto huyu amepanda nini?"

Swali hilo lilinichoma. Nilirudi nyumbani nalo, na mpaka leo ninalo. Basi leo nataka tulijibu pamoja. Mwalimu akitoka darasani anakwenda wapi? Anakwenda kufanya nini? Na sisi tunaobaki kijijini tunapata nini, au tunapoteza nini?

Kazi ya mwalimu ni ipi hasa?

Watu wengi wakisikia neno mwalimu wanaona ubao, chaki na watoto waliovaa sare. Hivyo ni vyombo vya kazi tu. Jembe si kilimo, na chaki si ualimu.

Kazi ya mwalimu ina mambo matatu makubwa.

Jambo la kwanza, mwalimu hutafuta kwanza mtu anajua nini tayari. Hakuna mtu asiyejua kitu.

Jambo la pili, mwalimu hulikata somo vipande vidogo, akavipanga kwa utaratibu. Kipande cha leo kinamsaidia mtu kukipata kipande cha kesho.

Jambo la tatu, mwalimu hurudia. Hurudia tena na tena bila kumdharau anayejifunza.

Nitoe mfano. Katika kisomo chetu alikuwako mama mmoja mchuuzi wa dagaa. Alikuwa akisema, "Mimi hesabu siziwezi kabisa." Lakini nilipokwenda kwake niliona ukuta wa jiko umejaa mistari ya mkaa. Kila mteja aliyekopa alikuwa na mahali pake ukutani. Mstari mmoja ulikuwa ndoo moja ya dagaa. Ikifika mistari mitano, aliikata kwa mstari mmoja wa kulala.

Kumbe hesabu alikuwa anaziweza! Kitu alichokosa ni tarakimu. Basi hatukuanzia kwenye kitabu, tulianzia kwenye ukuta wake. Kwanza 1 mpaka 5, kisha bei ya ndoo moja, kisha bei ya ndoo tatu. Baada ya miezi michache alinunua daftari, akaupaka ukuta chokaa.

Sasa angalia. Ujuzi huo wa kutafuta, kukata vipande na kurudia unatakiwa mahali pengi. Anayeandika vitabu anautaka. Anayetunga mtihani anautaka. Anayetangaza redioni habari za afya anautaka. Ndiyo maana mwalimu anaweza kutoka darasani na bado akawa mwalimu.

Walimu waliotutangulia

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Tuangalie historia kidogo.

Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora kuanzia mwaka 1946, na baada ya masomo yake Uingereza akafundisha Pugu. Mwaka 1955 aliacha kufundisha ili ashike kazi ya chama cha TANU. Hakurudi tena kuwa mwalimu wa shule. Lakini watu walimwita Mwalimu mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, na hata leo wanamwita hivyo.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Walimu wengi wa shule za msingi walifundisha watoto asubuhi, na jioni wakawafundisha wazazi wa watoto hao hao. Lakini walimu wa shule peke yao wasingetosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walishika chaki. Wakulima na wavuvi waliojua kusoma walishika chaki. Mzee yule aliniambia kwamba mwalimu wa kisomo wa baba yake alikuwa mvuvi. "Alikuwa akija ananuka samaki," alisema, "na sisi tulikuwa tunanuka samaki. Hakuna aliyemcheka mwenzake."

Kazi hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1967, watu wazima 67 katika kila 100 walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mwaka 1986 hesabu ya serikali ilionyesha kwamba hawakufika hata 10 katika kila 100.

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Hapo ndipo tunaona ubunifu wa kweli katika elimu. Watu walikaa vikundi vikundi vijijini. Kila kikundi kilikuwa na redio, kitabu chepesi na kiongozi wake. Kwanza walisikiliza kipindi. Kisha walisoma sehemu ya kitabu. Kisha walijadiliana: sisi hapa kwetu tatizo hili lipo? Mwisho walitenda. Walichimba vyoo, walifyeka nyasi karibu na nyumba, walisafisha visima. Karibu watu milioni 2 walishiriki. Viongozi wa vikundi 75,000 hivi walipewa mafunzo. Miongoni mwa waliotayarisha vitabu, vipindi na mafunzo ya viongozi walikuwamo watu wa elimu waliofanya kazi nje ya darasa. Je, walikuwa wamekimbia kufundisha? Hapana. Darasa lao lilikuwa nchi nzima.

Miaka ya 1970 kulikuwa na jaribio jingine huko Kwamsisi, katika wilaya ya Handeni. Chuo cha ualimu cha Korogwe kilianza mwaka 1971 kujaribu kuiunganisha shule na kijiji, ili watoto wajifunze mambo yanayohusu maisha ya hapo. Baadaye mpango huo ulipelekwa kwenye shule nyingine. Wakufunzi wakaanza kuzunguka shule kwa shule kuwasaidia walimu huko huko waliko. Kutokana na kazi hiyo ya kuzunguka akatokea mratibu elimu kata, ambaye siku hizi tunamwita afisa elimu kata.

Kisha ilikuja shabaha ya kuwaandikisha shule watoto wote ifikapo mwaka 1977. Walimu walikuwa wachache mno. Vyuo visingeweza kuwatoa wote kwa haraka. Basi vijana waliomaliza darasa la saba walisomea ualimu wakiwa vijijini mwao. Walipata masomo kwa barua na kwa redio, walifundisha kwa mazoezi, na mkufunzi aliwatembelea. Kati ya mwaka 1976 na 1984 waliandikishwa zaidi ya vijana 40,000 kwa njia hiyo. Wapo waliosema walimu hao hawakuiva vya kutosha. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli wake. Lakini watoto wengi wasingepata mwalimu kabisa bila mpango huo.

Hapo tunajifunza kwamba ubunifu katika elimu si mashine mpya tu. Ubunifu ni kutafuta njia nyingine ya kumfikia mtu ambaye njia ya zamani haikumfikia.

Njia za siku hizi

Sasa tuje kwenye siku zetu. Mwalimu wa leo akitoka darasani anaweza kwenda wapi? Nitataja njia chache. Nitaeleza pia wewe mwanakijiji utakutana na mtu huyo wapi, na unaweza kumwuliza nini.

1. Mwalimu mkuu. Huyu hajatoka shuleni, lakini vipindi vyake hupungua. Anasimamia walimu, watoto, fedha na majengo. Anafanya kazi pamoja na kamati ya shule, na katika kamati hiyo wazazi wamo. Mwulize fedha za shule zimetumika vipi. Mapato na matumizi yafaa yabandikwe mahali ambapo kila mzazi anaweza kuyasoma. Sasa wewe unajua kusoma. Kasome!

2. Afisa elimu kata. Huyu ni mtumishi wa halmashauri. Anazunguka shule zote za kata. Kazi yake ni kuwasaidia walimu wafundishe vizuri na kujua matatizo ya kila shule. Ukiona darasa halina mwalimu kwa muda mrefu, na mwalimu mkuu hana jibu, huyu ndiye wa kumwendea.

3. Mthibiti ubora wa shule. Zamani aliitwa mkaguzi wa shule. Huyu yuko chini ya Wizara ya Elimu, si chini ya halmashauri. Imefanywa hivyo kwa sababu anayepima kazi asiwe yule yule anayeisimamia. Anaingia darasani, anasikiliza somo, anaangalia madaftari. Mthibiti mzuri huongea na watoto na wazazi pia. Akija kijijini kwenu, mweleze mnayoyaona.

4. Mkuza mitaala na mwandishi wa vitabu. Hawa wako Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ilianzishwa mwaka 1975. Wao hupanga mtoto ajifunze nini na kwa umri gani. Mitaala mipya ya shule ilianza kutumika kwa hatua mwezi Januari 2024. Kitabu anachorudi nacho mtoto wako kimepita mikononi mwa watu hawa.

5. Mtunga mitihani. Baraza la Mitihani la Tanzania lilianzishwa mwaka 1973. Swali la mtihani si jambo dogo. Swali likiandikwa kwa maneno ya kutatanisha, mtoto anayejua anakosa. Walimu wa madarasani nao huitwa kusahihisha mitihani ya taifa, kisha hurudi shuleni kwao wakiwa wameona makosa ambayo watoto wa nchi nzima huyafanya.

6. Mkufunzi wa chuo cha ualimu. Huyu anawafundisha watakaofundisha. Akikosea yeye, kosa lake linakwenda shule mia.

7. Mwalimu wa elimu maalumu. Huyu bado yuko darasani, lakini amejifunza njia nyingine. Anawafundisha watoto wasioona, wasiosikia, au wanaochelewa kuelewa. Chuo cha Patandi, mkoani Arusha, kinajulikana kwa kazi hiyo. Kama una mtoto wa namna hiyo umemficha ndani, tafadhali ndugu, usimfiche. Mwalimu wake yupo. Mwulize afisa elimu kata.

8. Mwalimu wa redio na wa simu. Kipindi cha elimu redioni kina mwalimu nyuma yake. Siku hizi masomo hutumwa hata kwa simu. Lakini simu haijui kama umeelewa. Bado anatakiwa mtu wa kuuliza, "Hapo umepata?"

9. Elimu ya watu wazima. Hii ndiyo njia yangu. Wengine huisomea katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kazi yetu si kisomo peke yake. Tunao vijana waliokosa shule, na tunao waliokatisha masomo. Mwezi Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatisha masomo, pamoja na wasichana walioacha kwa sababu ya mimba, kurudi shuleni. Msichana asiyetaka kukaa tena na watoto wadogo anaweza kusoma sekondari kwa njia ya elimu ya watu wazima. Kama binti yako yuko nyumbani na mtoto mgongoni, habari hii ni yake. Usimnyime.

Ziko njia nyingine pia. Wako walimu waliogeuka kuwa waandishi wa hadithi, mafundi wa vifaa vya kufundishia, viongozi wa vyama vya ushirika na madiwani. Siwezi kuwataja wote.

Ubaya wake nao tuuseme

Ndugu msomaji, nisingekuwa mkweli kama ningesifu tu. Safari hii ina ubaya wake, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Siku ile mzee alipomaliza kuniuliza, alisimama akaingia ndani. Alitoka na sanduku. Ndani kulikuwa na vitabu vya kisomo na chaki, vitu ambavyo mimi mwenyewe nilivipeleka. Mchwa walikuwa wamekula vitabu mpaka kati.

"Kikundi chetu kilikufa tangu mwaka juzi," alisema. "Kiongozi wake alihamia visiwani kuvua. Lakini nasikia ninyi huko bado mnatuandika."

Nilifungua faili langu. Kweli, kikundi kilikuwa kimeandikwa kwamba kipo na kina watu 22. Nani aliandika? Mimi. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilipokea hesabu za vijiji kwa simu, nikajaza fomu, nikapeleka mbele. Vikundi vilikuwa 14 katika karatasi.

Wiki ile nilivizunguka vyote 14. Nilikuta vilivyo hai ni 6. Kimoja katika hivyo sita kilikuwa kinaandika kwa mkaa juu ya mlango wa ghala, kwa sababu hakina ubao wala chaki. Na chaki zao zilikuwa kwa yule mzee, zinakaa na mchwa.

Nilisikia aibu. Nilipokuwa darasa la kwanza nisingeweza kuandika mtoto yupo wakati hayupo. Ningeona kiti kitupu. Ofisini kiti kitupu hakionekani. Hiyo ndiyo hatari ya kwanza: mwalimu akitoka darasani anaweza kusahau kutazama uso wa anayejifunza, akatazama karatasi tu.

Makosa kama haya yakizidi, nchi nzima hupata hasara. Nilisema kwamba mwaka 1986 wasiojua kusoma na kuandika hawakufika 10 katika kila 100. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba watu wazima kama 3 katika kila 10 walikuwa hawajui. Sababu zilikuwa nyingi: fedha zilipungua, madarasa ya kisomo yalilegea, watoto wengi hawakwenda shule, na waliojua walisahau kwa kukosa cha kusoma. Kisomo ni kama shamba. Ukiacha kupalilia, magugu hayangoji.

Hatari ya pili ni ile aliyoisema mzee. Mwalimu mzuri anapoondoka, mtoto anabaki na nani? Kwa nini mwalimu anatamani kutoka darasani? Tuseme ukweli. Darasa langu la mwisho lilikuwa na watoto 112. Nyumba niliyopanga ilivuja. Mtu akipata ofisi, jamaa zake humpongeza. Akibaki miaka 20 darasa la kwanza, watu humwuliza, "Wewe bado uko pale pale?" Hapo tunakosea. Tunamheshimu aliyeondoka na kumdharau aliyebaki, kisha tunalalamika kwamba darasa halina mwalimu.

Mwalimu anaweza kupanda daraja na mshahara bila kutoka darasani. Kazi ya kupandisha madaraja ya walimu wa shule za serikali iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Lakini mshahara si heshima yote. Heshima nyingine iko mikononi mwetu wanakijiji.

Jirani zetu wa Kenya wanatupa mfano. Mwalimu Peter Tabichi alikuwa akifundisha sayansi na hesabu katika shule ya sekondari ya Keriko, huko Nakuru vijijini. Shule ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua. Hakukimbia. Aliwaanzishia wanafunzi vikundi vya sayansi, akawatembelea nyumbani, na sehemu kubwa ya mshahara wake aliwasaidia wenye shida. Mwaka 2019 alipewa tuzo ya mwalimu bora duniani, yenye dola milioni 1 za Marekani. Hakupewa kwa sababu alitoka darasani. Alipewa kwa kazi aliyoifanya humo.

Kwa hiyo njia ziko mbili, na zote ni njema. Wako wanaofaa kubaki, na wako wanaofaa kutoka. Ubaya ni kutoka ili kukimbia, au kubaki huku moyo umeshaondoka.

Nani anaweza kuingia?

Tumesema habari za mwalimu kutoka. Je, nani anaweza kuingia mahali pake?

Mzee alinipa jibu bila kujua. Kama mvuvi aliweza kufundisha kisomo zamani, kwa nini asiweze mchuuzi wa dagaa leo?

Nilimwendea mwalimu mkuu wa shule ile. Nilimwendea mama wa dagaa. Tukaenda pamoja kwa mwenyekiti wa kijiji. Tulikubaliana jambo dogo. Kila Ijumaa baada ya masomo, watoto wa darasa la tatu wasiojua kusoma vizuri wakae chini ya mwembe wa mzee. Wahitimu wanne wa kisomo wawasikilize wakisoma. Kusikiliza tu. Mtoto akikwama, wanarudia naye neno lile. Mwalimu wa darasa huwaonyesha wasome ukurasa gani.

Siku ya kwanza mama wa dagaa aliniambia pembeni, "Mwalimu, mimi naogopa. Mtoto akinishinda je?"

Nikamwambia, "Akikushinda, mwambie akufundishe."

Akacheka, akaenda kukaa.

Huo si muujiza. Watoto wale bado wanamhitaji mwalimu wa kweli, aliyesomea kazi yake, na kijiji kimeandika barua kumwomba. Barua hiyo waliiandika wenyewe, kwa mkono wao. Mimi nilisahihisha herufi mbili tu. Nakala moja ilikwenda kwa afisa elimu kata, nyingine ikabaki katika jalada la kijiji. Mpaka naandika habari hii mwalimu huyo hajafika, na kijiji kinaendelea kuuliza.

Mjukuu wa mzee sasa yuko darasa la nne. Anasoma. Kwenye "ng'ombe" anakwama bado, na kwenye "mbwa" anavuta pumzi kwanza. Lakini hakisii tena.

Mwezi uliopita nilipita tena kwa mzee. Nilimsalimu, nikakaa. Nilimwuliza kama swali lake nimeshalijibu.

"Nusu," alisema. "Nusu nyingine utaijibu darasa lile likipata mtu."

Basi mwanakisomo, nami nakuachia kazi. Ukikutana na mwalimu aliyetoka darasani, mkaribishe, kisha mwulize anafanya nini kwa ajili ya waliobaki. Ukikutana na aliyebaki darasani, mshukuru. Na wewe mwenyewe, uliyejua kusoma juzi tu, tazama jirani yako. Unalolijua wewe, yeye pengine halijui. Anza naye hapo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mwalimu gani mlimpenda, naye akaondoka kijijini kwenu? Alikwenda wapi? Kijiji kilipata nini na kilikosa nini?

2. Mama wa dagaa alikuwa anajua nini kabla ya kuingia kisomo? Kila mmoja wenu ataje jambo moja alilokuwa analijua kabla hajajua kusoma.

3. Afisa elimu kata wenu ni nani? Amefika shuleni kwenu lini mara ya mwisho?

4. Je, kikundi chenu kinaweza kuwasikiliza watoto wakisoma siku moja kwa wiki? Ni siku gani? Ni mahali gani?

5. Andikeni barua fupi kwa mwalimu mkuu kumshukuru mwalimu mmoja kwa kazi yake. Taja kazi yenyewe.

Maneno ya kukumbuka

Mtaala: mpango wa mambo yote ambayo mwanafunzi atajifunza.

Kuthibiti ubora: kuangalia kama kazi inafanywa vizuri inavyotakiwa.

Mkufunzi: anayefundisha watu watakaokuwa walimu au mafundi.

Ubunifu: kutafuta njia mpya ya kufanya jambo.

Daraja: ngazi ya mtumishi katika kazi yake.